Maji ya Kupimia Sukari Nguru

Mimi ndiye niliyetangulia kufika kwenye kiwanda kidogo cha sukari nguru cha Okari, nje ya Awendo. Miaka tisa nilichochea moto wa makapi ya miwa, moshi ukinitoa machozi. Kisha akaja Nyatichi kutoka Oyugis, mjane aliyekuwa akiuza miwa ya kutafuna stejini, na katika mwaka mmoja akanipita. Nilimwonea wivu, sitaki kuficha. Niliuonea wivu hata mkono wake.

Mzee Oyaro, mpimaji wetu, alipoanza kupoteza macho, kopo la kupimia alimwachia yeye, si mimi. Juisi ya miwa inachemka, maji yanatoka na mvuke, inazidi kuwa nzito, na kuna dakika moja tu ya kuiepua. Ukiwahi, haigandi, unabaki na uji ndani ya visanduku vya mbao. Ukichelewa, inaungua na kuwa chungu. Nyatichi alidondosha tone la juisi hiyo ndani ya maji baridi ya kopo, akalifinya. Likimtoroka vidoleni, alingoja. Likikaza kama kokoto, alipaza sauti, "Epueni!" na wanaume wazima wakakimbilia karai kama wameitwa na chifu. Hakuwahi kukosea, na hilo lilininyima usingizi.

Okari akatangaza kwamba Ijumaa Nyatichi apike mbele ya wanunuzi. Karai likitoka vizuri, kazi ya upimaji ni yake moja kwa moja. Mimi hakuniuliza hata kwa adabu.

Siku hiyo ilikuwa zamu yangu kuleta maji ya kopo. Nikayachanganya na ya moto, yakawa vuguvugu. Katika maji kama hayo tone halikazi hata sukari ikiwa tayari. Angengoja, angengoja tena, na karai zima lingeungua watu wakitazama. Nilifurahi, Mungu anisamehe.

Nyatichi alitumbukiza kidole kabla ya tone. Akanitazama, akayamwaga chini, akaenda kuchota mengine mtungini mwenyewe. Sukari ilitoka na rangi ya asali, ikaganda, wanunuzi wakaigonga kwa kucha wakicheka.

Okari alipompa kazi, Nyatichi akasema, "Mimi nataka msaidizi. Nipe Mama Valentine."

Mama Valentine ni mimi.

"Huyo wa moto?" Okari akashangaa. "Anajua nini?"

"Anajua. Hawa wengine wote wanaona maji ni maji. Ni yeye peke yake anajua ile ya vuguvugu inadanganya."

Okari hakuelewa. Mimi nilielewa, nikatamani ardhi inimeze.

Jioni, tukiosha vyombo, Nyatichi alinikabidhi kopo. "Kesho utapima wewe," akasema. "Maji nitakuletea mimi."

Huu ni mwezi wa tatu. Nimejifunza mengi kwake, na wivu bado ninao. Mkono wangu haujawa kama wake. Kila asubuhi ananiwekea kopo kando ya karai, nami natumbukiza kidole kwanza, karibu nikiomba yawe vuguvugu, angalau mara moja, ili tuwe sawa. Mpaka leo hajawahi kuniletea maji yasiyo baridi.