Taa Ambayo Sikuiwasha

Leo ni Jumatano, na ni miaka thelathini na moja tangu vita vinitoe Goma. Wasimamizi wa ukurasa huu wanifichie jina, na majina mengine nimeyabadilisha. Nina miaka sabini na miwili, naishi ugenini, na nina hadi Jumamosi asubuhi kusema jambo ambalo sijamwambia mtu.

Mjukuu wangu anayeishi mtaa wa Mabanga huko Goma, nimwite Furaha, alinitumia ujumbe wa sauti. Yeye na marafiki zake watatu wanapanga wikendi ya bei nafuu: Jumamosi mapango ya lava upande wa Kanyaruchinya, Jumapili maporomoko ya maji kule Rutshuru. Hema la kuazima, mihogo ya nyumbani, kiongozi hakuna. “Koko,” ndivyo anavyoniita mimi babu yake, “weye ulikuwa unaingia kule na rafiki yako. Tuonyeshe njia, tusilipe mutu.”

Watu wa Goma mnaijua mazuku, ile hewa isiyo na harufu inayolala kwenye mashimo ya lava na kuua. Desturi yetu ilikuwa mmoja kutangulia na taa ya mafuta, ameining'iniza kwenye kijiti chini ya goti. Mwali ukififia, anarudi na hakuna anayeingia.

Nikiwa kijana nilikwenda huko na rafiki yangu Kambale, safari kama hiihii, mapango kwanza na maporomoko kesho yake. Kupima ilikuwa zamu yangu. Mafuta yalikuwa machache na niliyataka kwa usiku wa kambi, basi nikaingia na tochi, nikasimama wima kidogo, nikatoka. “Taa inawaka muzuri,” nikamwambia. Sikuiwasha. Kambale aliingia, akainama kufunga kamba ya kiatu. Hakuinuka tena.

Nilikimbia kuita watu. Walipomtoa, waliniuliza juu ya taa. Nikasema ilizimika, nikamkataza, akabisha. Tangu siku ile, hata kwao wanamtaja kama mbishi.

Jana nilimpigia Furaha simu nimkataze. Alicheka. “Koko, ule rafiki yako alikuwa mubishi, bote banajua. Siye tutasikia. Na tuko na torche ya telefone, inaangaza kupita taa yenu.” Nikasikia sauti ya kijana karibu naye: “Muzee, usiogope. Nitatangulia mie.” Nikauliza ni nani. Ni mjukuu wa dada yake Kambale.

Njia sikuwapa. Furaha akasema haidhuru, kuna motard, dereva wa pikipiki, anayeijua, atawafikisha hadi mlangoni mwa pango.

Tochi haizimiki kwenye mazuku. Hilo nimewaeleza mara tatu, na mara tatu wamenijibu kwamba Kambale alikufa kwa ubishi. Uongo wangu ndio unaowapa moyo wa kuingia.

Dada yake Kambale bado yuko hai. Kila Noeli hunitumia salamu, akinishukuru kwamba nilikimbia kuita watu na mwili wa ndugu yake ukapatikana. Nikimwambia Furaha ukweli leo, mama huyo atausikia kabla ya jioni.

Ninyi mnaosoma, hasa mliozika ndugu na kuelezwa alivyokufa: mngependa kuusikia kwa nani? Nimpigie kwanza huyo mama, au nimwambie Furaha, na nianze na neno gani? Nijibuni kabla ya Ijumaa.

Wengine mtaniambia nirudi nikaombe msamaha kaburini. Goma sitarudi.