Difu Mpya ya Enock Upepo

Asubuhi ile, vijana wa bodaboda wa Ibadakuli walidhani Enock amerogwa. Mtu ambaye aliwapeleka wanunuzi wa dhahabu Runzewe kwa mwendo wa kuwafanya watubu dhambi zao njiani, leo alikuwa kwenye kiwanja cha mpira na Altezza yake, akizunguka taratibu na kuchora nane kwenye vumbi. Akimaliza nane moja anaanza nyingine, kwa mwendo ambao hata bata angemwona mzembe.

"Upepo! Leo umeishiwa upepo?" mmoja akapaza sauti.

Enock akacheka tu. Alikuwa akiizoesha difu mpya, ile gia ya ekseli ya nyuma inayozungusha matairi, na siku hiyo hakuna kitu duniani kilichomfurahisha kuliko difu hiyo.

Ile ya zamani aliiua mwenyewe, hilo tuliseme wazi. Kila harusi aliyoalikwa alizungusha matairi ya nyuma mpaka bibi harusi akohoe moshi, na oili ya difu hakukumbuka kuibadilisha hata siku moja. Meno yaliposagika, alikaa kijiweni kama mjane, huku abiria wake wakichukuliwa na wengine. Mwishowe akapata difu ya loki, ile inayoyalazimisha matairi yote mawili ya nyuma kusukuma kwa pamoja. Fundi Yasini alimfungia, kisha akampa masharti kama mganga: asikanyage mafuta kwa nguvu, asibebe mzigo, akienda kidogo asimame ipoe, azungushe nane uwanjani ili vyuma vizoeane, mpaka oili ya kwanza imwagwe na kuwekwa nyingine.

"Ni kama dume la ng'ombe linalofundishwa kuvuta plau," Yasini alimwambia. "Ukilichapa siku ya kwanza, umeshaliharibu."

Enock aliyashika masharti hayo kuliko alivyowahi kuzishika amri za Mungu. Mkewe, Noela, alisimuliwa habari za difu mpaka ugali ukapoa.

Basi alikuwa palepale kiwanjani simu ilipoita. Noela alikuwa Mhunze, kwao, alikokwenda kumwona mama yake.

"Baba Limi, mama ameanguka kisimani, mguu umevunjika. Hapa kituo cha afya wamemfunga tu, wanasema apelekwe hospitali ya mjini. Gari la wagonjwa limeondoka na mama mjamzito. Njoo."

"Nakuja sasa hivi," Enock akasema.

Akaenda. Lakini alikwenda kwa mwendo wa difu, na mara mbili akasimama njiani ipoe. Alipofika Mhunze, jua lilikuwa la utosi na Noela alikuwa amechoka kusimama barabarani. Mke alimtazama mumewe, kisha akalitazama gari.

Mgonjwa alibebwa na Doto, mtoto wake wa kiume, pamoja na majirani. Enock alisimama mbali, kichwa chini, kama ukwe unavyotaka. Kwa Wasukuma mkwe wa kiume hamgusi mama mkwe wake, hamtazami usoni, na maneno kati yao hupitia kwa mtu wa katikati. Mama Doto alilazwa kiti cha nyuma, khanga imefunika kichwa na nusu ya uso. Noela akakaa mbele.

Kwenye barabara ya vumbi hakuna ambaye angemlaumu. Kila shimo lilimtoa mama yule mguno, na mwendo wa polepole ulikuwa haki yake. Tatizo lilianza walipoingia kwenye lami. Barabara ilinyooka, nyeusi, safi. Noela akasubiri gari lichanganye. Halikuchanganya. Likawapita lori la pamba, ikawapita Noah ya abiria, wakapitwa hata na bodaboda iliyobeba mbuzi wawili.

"Kaza mwendo," Noela akasema kwa sauti ya chini.

"Difu," Enock akajibu, sauti ya chini zaidi. "Na leo imebeba watu. Unajua masharti."

Noela alimgeukia kama mtu aliyesikia tusi kanisani. Nyuma, Mama Doto alikuwa ameuma pindo la khanga. Kama angekuwa mama yake mzazi, angemfokea: we mtoto, kimbiza gari, nakufa! Lakini mkwe hafokewi. Alivumilia.

Kabla ya kufika Ibadakuli, Enock alisimamisha gari kandokando. Akashuka, akapiga magoti nyuma ya gari, akanyoosha mkono kulipima joto la difu kwa kiganja. Ilikuwa imepata moto. Akakaa kando akingoja. Kupitia kioo aliona Noela ameinama nyuma kwa mama yake, akadhani anamfuta jasho. Hapo ndipo alipoanza kusikia haya, kidogo, kama mwiba uliovunjikia kwenye soli. Hata hivyo alingoja.

Hospitalini walimpokea mgonjwa vizuri, mguu ukashughulikiwa. Siku ya pili ndugu walijaa wodini, na Paskazia, dada yake Mama Doto, mwanamke asiyepitwa na neno, akauliza mbele ya wote, "Hivi jana mbona mlichelewa vile? Tulipiga simu mpaka tukachoka."

Enock alisikia masikio yakimchoma. Mama Doto akajibu kutoka kitandani, akimwelekea dada yake.

"Mkwilima wangu, huyu mkwe, aliniendesha kama amebeba mayai. Kila niliposikia maumivu alipunguza mwendo. Hata kusimama alisimama, nipumzike. Wakwe wa siku hizi wenye heshima hiyo wako wangapi?"

Wodi nzima ikamgeukia Enock kwa sifa. Paskazia alipiga vigelegele kidogo, mpaka muuguzi akamkanya. Enock akatazama vidole vya miguu yake. Afadhali wangemtukana. Noela alikuwa akimenya chungwa, hakuinua uso.

Nyumbani alimngoja mkewe alipuke. Hakulipuka. Alipika, akatenga, akatoa vyombo. Mwishowe Enock akashindwa kuvumilia.

"Nitakwenda kumwambia mama ukweli."

"Ukamwambie nini? Anajua."

"Anajuaje?"

"Uliposimama kupoza, aliniuliza tumefika? Nikamwambia bado, gari lina difu mpya. Ningemdanganya mama yangu huku analia?"

Enock akakaa chini. "Sasa mbona alinisifu vile?"

"Kwa sababu mama mdogo alikuwa ameshaanza kuchimba. Mama alisema mkwe akiaibika, anayecheka ni jirani, na anayelia ni binti yake."

Aibu ya kukamatwa Enock aliifahamu, trafiki walishamkamata mara nyingi. Hii ya kusitiriwa na mtu uliyemtesa hakuwahi kuionja. Sifa nazo zilisafiri. Mpaka Mhunze watu walimtaja kama mfano, na kila aliyemsalimia kwa jina la mkwe mwema alimchapa bila kujua.

Siku ya kumrudisha mgonjwa, oili ya kwanza ilikuwa imeshamwagwa na difu ilikuwa tayari kwa lolote. Paskazia alifunga mlango wa nyuma akasema, "Mkwe, vilevile kama siku ile!" Enock akawasha gari, Noela kando yake, wakaondoka hospitalini.

Walipoupita uwanja wa ndege hakuweza kujizuia tena. Akavunja ukwe, akasema moja kwa moja, "Mama, siku ile mimi sikuwa..."

"Noela," Mama Doto akamkatiza, macho yake yakiwa dirishani, "mwambie mume wako atazame barabara."

Noela hakumwambia. Enock alikuwa amesikia, akatazama barabara mpaka Mhunze.