Sellah na Gemu ya Matofali

Asubuhi ya mwisho ya kawaida, Sellah alitia tangawizi nyingi kwa chai. Nilimwambia. Akasema basi nisinywe. Nikanywa. Alikuwa ameketi mlangoni, miguu ameinyoosha kwa jua, simu yake ndogo ya tochi, ile ya mulika mwizi, mkononi, anacheza gemu. Kuku walipita juu ya miguu yake na hakuwafukuza, kwa sababu mikono ilikuwa na kazi. Nilimuuliza kama tutakula omena ama mboga. Akasema omena. Nilimuuliza shati langu la kanisani liko wapi. Akasema liko kwa kamba, ama sina macho. Ni hayo tu tuliongea. Sikumwangalia sana. Nani huangalia mtu wake kila asubuhi?

Sasa hayupo. Watu wa kanisa wamesema niandike maisha yake. Mimi sikuenda shule, herufi nilijifunza ukubwani kwa gumbaru, lile darasa la watu wazima. Nitaandika ninayojua.

Sellah alizaliwa Kiminini. Baba yake alishona nguo barazani kwa duka la mtu mwingine. Nilimuoa tukaja Kitale, tukapata vyumba nyuma ya msikiti, na hapo ndipo tumekaa. Yeye aliuza vikombe na sahani sokoni. Mali alikuwa anatoa Lwakhakha, mpakani. Siku moja alirudi kutoka huko na kidude cha mkononi cha betri, kioo kidogo, rangi ya majivu. Alisema amemletea Roselyne, binti yetu. Roselyne hakukiona tena.

Ndani ya kile kidude kulikuwa na gemu ya matofali. Yanaanguka kutoka juu moja moja. Moja la mraba, lingine limepinda kama kona, lingine refu kama fito. Wewe unayageuza na kuyapanga chini. Mstari ukijaa bila pengo, unapotea. Ukipanga vibaya yanarundikana mpaka juu na gemu imeisha. Hakuna mtu anapigwa, hakuna gari linakimbia. Nilimuuliza utamu wake ni nini. Akasema ni kazi ya nyumbani lakini hii inaisha vizuri.

Baadaye aliacha vikombe. Alikodi chumba karibu na soko, akaweka TV za mgongo mnene na mashine za kaseti, watu wakalipa kucheza. Walikuja watoto wakitoka shule, watu wa boda, hata mwalimu mmoja alikuja akijificha. Walimuita Mama Gemu. Walitaka za vita na za mpira, na aliwawekea. Chumba kikiwa hakina mtu, aliweka kaseti yake ya matofali, ile yenye muziki.

Ukuta wa pili kulikuwa na Khairunisa, anakaanga mahamri. Walianza kwa ugomvi. Sauti ya TV ilikuwa inaingia kwake wakati wa swala, na Khairunisa alikuwa anagonga ukuta na mwiko. Sellah akaanza kupunguza sauti kabla ya adhana. Khairunisa akaanza kuleta mahamri. Hivyo ndivyo walikuwa marafiki mpaka mwisho, na bado kila mmoja alisema mwenzake ana makelele.

Simu zilipoingia kwa kila mfuko, chumba kilikufa. TV zikauzwa, mashine zikaenda na kaseti zake. Lakini Sellah hakuachana na matofali. Kila mahali alipoona mashine ya zamani, alikuwa anaomba kuijaribu. Tulienda Suam kununua mbuzi, tukapata mtu anauza kompyuta kuukuu, na ndani ya moja gemu ilikuwepo. Alicheza amesimama mpaka mvua ikatukuta. Mbuzi hatukununua. Kisha akaipata kwa simu ya mulika mwizi. Alikuwa anasema gemu ni ile ile lakini kila mashine ina tabia yake. Ile ya mkononi ni kali, vitufe vyake vigumu. Ya kompyuta haina haraka. Ya simu ni bubu. Ile ya TV ndiyo yenyewe, ati hiyo ilikuwa inampigia wimbo.

Ile asubuhi ya tangawizi alitoka kwenda kwa Khairunisa. Si mbali. Nilikuwa natafuta shati nikasikia Khairunisa ananiita, na sauti yake haikuwa ya kuita mtu. Nilimkuta Sellah chini, kati ya meza na jiko, mdomo umeenda upande. Alikuwa ananitazama. Sijui kama aliniona.

Hospitali walisema ni kiharusi. Upande wa kulia haukusonga. Daktari, mama mmoja mpole, aliniambia mwili utarudi kidogo kidogo. Maneno hakuahidi. Alisema mzee, muongeleshe, mpe vitu anavyopenda, wiki hizi za kwanza ndizo kubwa. Nilimuuliza kama anajua mimi ni nani. Akasema hilo hawezi kuliona kwa mashine yoyote.

Hiyo ndiyo ilinikaa. Mguu ningembebea. Mkono ningemlisha. Lakini kama ndani hakuna mtu ananijua, basi nimebaki peke yangu na yeye yupo.

Tulimleta nyumbani. Watu wa kanisa walikuja wakaimba. Aliangalia ukuta. Khairunisa alikuja na uji, akamkumbusha ile siku ya mwiko, akamtukana kidogo kama kawaida yao. Akaangalia ukuta. Nilimuongelesha mpaka nikaishiwa, na mimi si mtu wa maneno. Nilimwambia bei ya mahindi. Nilimwambia kuku yupi ametaga. Kila asubuhi niliamka nikaangalia kwanza kama mdomo wake umesonga. Wiki zilikuwa zinaenda.

Roselyne alikuja kutoka Bungoma, ndiko ameolewa. Alikaa na mama yake siku nzima, jioni akaniambia, baba, tumpe gemu.

Tukaanza na simu. Nilimwekea kwa mkono wa kushoto, gemu ikiwa imefunguliwa. Simu ilianguka kwa blanketi. Nikaweka tena. Ikaanguka tena. Roselyne akaitoa, akaenda nje, na nilisikia analia karibu na choo.

Tukatafuta kile kidude cha kwanza. Kilikuwa kwa sanduku chini ya nguo za mtoto. Betri zilikuwa zimeoza ndani. Nilikwangua chuma kwa kisu, nikasugua na ndimu, nikaweka betri mpya. Kikalia ile sauti yake. Sellah aligeuza macho. Akakitazama kidogo, kisha akafunga macho, na hakuyafungua mpaka chakula. Nilijuta kukileta. Niliona kama nimemuonyesha kitu na amejua hawezi, kama ndani kuna mtu. Na kama hakuna, basi amesinzia tu. Sikujua ni gani mbaya zaidi.

Ikabaki ile ya TV. Roselyne alimpigia bwana yake. Mukhwana ni fundi wa redio na TV pale Bungoma. Alisema TV hizi nyembamba hazipatani na zile mashine, inatakiwa ile ya mgongo mnene, na atatafuta. Nilingoja. Kila siku nilisema labda leo ni mwisho wa zile wiki za daktari. Aliipata TV kwa hoteli moja iliyofungwa. Mashine akaipata Lwakhakha, mtu alikuwa ameitumia kuzuia mlango, na kaseti ilikuwa bado ndani. Kaseti ilikuwa na gemu nyingi, ya matofali ikiwemo. Akaja nazo kwa pikapu ya rafiki yake.

Hapo ndipo shida ilianza. Kwetu Wabukusu, mkwe haingii mahali mama mkwe amelala. Sellah na Mukhwana, tangu harusi, hawajawahi kuketi chumba kimoja. Wakikutana njiani, Mukhwana alitoka pembeni akasalimia akiangalia majani. Roselyne alisema baba, hii ni ugonjwa, hizo mambo zingojee. Pasta pia alisema. Lakini mimi namjua Sellah. Aonekane na mkwe wake akiwa kwa kitanda, mdomo umepinda, kitambaa cha kichwa hakuna? Angepona kwa hasira tu, halafu anihame. Na kama ananisikia na hawezi kukataa, basi mimi ndiye wa kukataa.

Nikasema TV itaingia chumbani, Mukhwana atabaki nje.

Tulibeba TV na mashine mimi na mwenye pikapu, tukiwa tumemfunika Sellah na shuka, kisha mwenye pikapu akatoka. Roselyne alipanda kitandani akamkalisha mama yake, akamshika kutoka nyuma kwa mikono miwili. Kwa hivyo mikono iliyobaki ni yangu. Mukhwana alisimama nje chini ya dirisha, ameupa ukuta mgongo, na akaanza kunifundisha kazi ya fundi.

Alisema baba, chukua ule waya mweusi wa mashine, ingiza nyuma ya TV. Niliuliza tundu gani, ziko nyingi. Akasema ile imechomoza. Nikaingiza. Akasema washa. Nikawasha. Akauliza naona nini.

"Naona mchanga," nikasema.

"Zungusha hiyo kitu ya mbele, baba. Pole pole."

"Bado mchanga."

"Zungusha tu."

"Mchanga imeanza kutembea."

"Hiyo sasa ni vizuri, bana. Endelea."

Roselyne alicheka nyuma yangu, mara ya kwanza tangu aje. Niliangalia Sellah. Hakucheka. Macho yalikuwa kwa mchanga.

Halafu picha ikaruka ikakaa. Muziki ukaanza. Ule ule.

Niliweka pedi, kile kibao cha vitufe cha mashine, chini ya mkono wa Sellah wa kushoto, nikapanga vidole vyake moja moja. Matofali yakaanza kushuka. Vidole havikusonga. Yalishuka katikati, moja juu ya lingine, kama mnara, mpaka juu, gemu ikaisha. Niliianza tena. Ikaisha vile vile. Lakini macho yake yalikuwa yanashuka na kila tofali. Roselyne hakuweza kuyaona, yuko nyuma. Mimi niliyaona.

Niliianza tena. Ikaisha. Jasho lilikuwa linaniingia machoni. Nilifikiri, hii ndiyo ya mwisho. Hakuna mashine nyingine baada ya hii. Kama imekataa, nitamwambia nini daktari?

Mukhwana aliuliza kutoka nje kama anacheza. Nikasema hapana. Akasema labda pedi imekufa, ilikuwa imekaa kwa mlango, baba hebu jaribu vitufe wewe.

Mimi sijawahi kucheza gemu maisha yangu. Sellah aliniomba miaka mingi nikakataa, nilisema mikono yangu ni ya magunia. Nilifanya kazi ya kupakia stoo ya mahindi mpaka mgongo ukakataa. Lakini Mukhwana alikuwa anangoja, na Roselyne akasema jaribu baba. Nilichukua pedi kutoka mkono wa Sellah. Nikaketi ukingoni mwa kitanda, bega langu karibu na lake.

Pedi ilikuwa nzima. Nikibonyeza huku, tofali lilienda huku. Nikaanza kupanga. Kwa stoo, gunia unalisukuma mpaka ukutani. Huachi ufa. Ukiacha ufa panya anaingia na rundo linaegemea, kesho linakuangukia. Kwa hivyo kila niliposhika tofali, nililipeleka pembeni kabisa nikalibana. Nilikuwa naona nimefanya vizuri. Roselyne alianza kusema kitu akajizuia. Kule kulia kulikuwa kumebaki nafasi moja nyembamba inashuka mpaka chini. Tofali lililopinda likaja. Nikalisukuma kuelekea huko.

Sellah alitoa sauti. Ilikuwa sauti ya kooni, mbaya. Nilifikiri ni kile kiharusi kimerudi. Niligeuka nikamshika uso. Roselyne alikuwa analia, anasema baba ngoja, baba nyamaza, anataka kusema. Nje Mukhwana aliuliza ni nini.

Mdomo wake ulisonga upande mmoja. Alikuwa anavuta maneno kama mtu anavuta ndoo kisimani, anapumzika katikati, anavuta tena. Hakuwa anaangalia mimi. Alikuwa anaangalia TV, na alikuwa amekasirika.

Aliishi nasi tena mpaka mahindi yakavunwa, kisha kile kitu kilirudi na hakikutuachia. Katika miezi hiyo alisema mengine. Aliomba maji, alimtukana Khairunisa, alisema mguu unamuuma. Nilicheza kila jioni na yeye akanielekeza. Lakini wakiniuliza Sellah alikuwa mtu gani, nakumbuka yale maneno ya kwanza. Roselyne aliyasikia, na Mukhwana pia aliyasikia akiwa nje dirishani. Alisema hivi:

"Wewe mzee, hapo si stoo. Acha pembeni, ile ndefu bado inakuja."