Nusu Saa ya Ndege Kutoka Pago Pago

Kutoka Pago Pago hadi Apia ndege ndogo huchukua kama nusu saa. Chungu cha majimbi hakijaiva, umeshafika. Ndiyo maana Fuatino, mkata samaki wa kiwandani, hakuhangaika sana na safari kaka yake Iakopo alipopiga simu kutoka Apia kusema baba yao amefariki, na atazikwa Jumamosi mchana.

"Msimfunike kabla sijafika," alisihi. "Nataka kumwona uso."

"Wewe njoo tu, dada. Tutakusubiri."

Akakata tiketi ya Jumamosi asubuhi. Ijumaa alishinda kazini akikata jodari, maana kiwanda hakizimi mashine kwa kilio cha mtu mmoja. Jioni akakunja mkeka laini aliousuka kwa miaka miwili, kwa kuwa kwao binti haendi msibani kwa baba yake mikono mitupu.

Asubuhi uwanjani walimpandisha kwenye mizani pamoja na mzigo wake, kama wanavyopimwa abiria wote wa ndege zile. Mpimaji, mzee Saunoa, hana abiria asiyemtania.

"Mama, leo tutainuka kweli?"

"Niache, mzee. Nakwenda kumzika baba leo."

Saunoa akaacha kucheka. "Leo? Mwanangu, kule leo ni Jumapili."

Fuatino akaanza kuhesabu siku kwa vidole palepale juu ya mizani. Miezi mitatu nyuma Apia ilikuwa imeruka siku nzima kwenye kalenda, ili iende sawa na New Zealand inakofanya biashara. Pago Pago, iliyo chini ya Marekani, ikabaki ilipokuwa. Wakubwa huhamisha siku, wadogo ndio wanaojikwaa. Fuatino alilijua hilo, alilifanyia mzaha kama wote, kisha akaendelea kuhesabu kwa mazoea. Jana, alipokuwa amesimama na kisu mbele ya jodari, ndiyo ilikuwa Jumamosi ya mazishi.

Akapiga simu. Haikupokelewa, kule watu walikuwa kanisani.

"Hakuna ndege ya kurudi nyuma, mzee?"

"Ya kurudi jana ipo, mwanangu. Ila ni ile inayotoka kule kuja huku."

Akapanda hivyohivyo. Alilia njia nzima, na njia yenyewe haikutosha kulilia.

Kaburi lilikuwa mbele ya nyumba, saruji bado mbichi. Iakopo alimpokea akiwa na nguo nyeupe za kanisani, macho yamevimba.

"Tulimwacha wazi mpaka jua likazama," alisema. "Mchungaji akakataa kungoja hadi leo, akasema Jumapili hazikwi mtu. Ulikuwa wapi, dada?"

Aliuliza bila hasira, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Fuatino aliukunjua mkeka. Akapiga magoti, akautandaza mkeka juu ya kaburi, halafu akauvuta tena pembeni kwa pupa, akaanza kuikwangua saruji kwa kucha.

"Nifukulieni," alisema. "Nimwone mara moja tu. Kaka, mara moja tu."

Hakuna aliyeshika jembe.