Siku Niliyowapeleka Nyuki Ubatizoni

Jamani, hii habari huwa naisimulia nimeinamisha uso, lakini bora niwaambie mwenyewe, maana kila mtu hapa Mpanda mjini ana ya kwake na nyingi zinanionea (si zote).

Kazi yangu ni picha. Siku za wiki napiga paspoti na harusi, ila Jumapili nikipata upenyo narukia bodaboda naenda Kasokola, naenda Mwamkulu, napiga ndege: mdiria akitoka majini na samaki, korongo wamesimama mchangani, mto ukiwa bado na ukungu wa asubuhi. Hainiingizii hata senti, lakini naipenda mpaka mke wangu anasema ningezaliwa na mabawa ningeshamwacha.

Sasa mama yangu, mjane, mtu mzima, akaamua kubatizwa. Akaniita. "Mwanangu, siku hiyo nipige picha moja nzuri. Ndiyo mtakayoiweka mbele ya jeneza langu. Ile ya kitambulisho naonekana kama nimekamatwa." Nikamwambia mama acha maneno ya jeneza, lakini nikaahidi. Tangu nianze kazi hii hakuwahi kuniomba picha.

Tukaenda mtoni Mwamkulu, kwaya kanzu nyeupe, mchungaji ndani ya maji ya kiunoni, akaanza maombi. Akaombea wagonjwa, akaombea mvua, akaombea hadi barabara ya Inyonga, na mama yuko mwisho wa mstari. Ndipo nikamsikia mtini, chrrr-chrrr-chrrr, ndege wa asali, yule anayewaita watu akawaonyeshe nyuki walipo. Miaka yote namtafuta huyo ndege! Nikajiambia najisogeza kidogo tu, "amina" nitaisikia.

Akaruka, nikafuata, akatua, nikainua kamera, akaruka tena mbele. Na mimi ni Mkonongo, marehemu baba alikuwa mrina asali, na kwetu hata mtoto mdogo anajua ndege huyu akinyamaza ujue umefika. Akanyamaza. Mnadhani niliwaza nyuki? Niliwaza mwanga ulivyokaa vizuri! Nikaegemeza stendi ya kamera kwenye shina lenye tundu, nikaisukuma ishike, na ndani ya shina kukaitika vuuuu.

Mbio nilizotoka nazo hapo hata mpirani sijaziona. Mtu akifukuzwa na nyuki akili inabaki moja, maji, kwa hiyo nikaibuka kichakani napiga yowe "Nyuki! Nyuki!" wakati ndiyo kwanza mchungaji amemshika mama mkono, nikapita katikati ya kwaya, ngoma ikapinduka, nikajitupa mtoni na kamera shingoni. Waumini wakatawanyikia kwenye mashamba ya mpunga. Mchungaji akazama mwenyewe (wenye midomo wanasema naye kabatizwa upya).

Mama hakukimbia. Alinishika kisogo, akanizamisha, akaniibua, akavua kitenge cha begani akatufunika wote wawili. Mle ndani uso wake ulikuwa karibu kabisa na wangu, nundu moja imeshamtoka juu ya jicho. Nikaanza kulia, na ndevu zangu zote hizi.

"Mama nisamehe, nimekuharibia siku yako. Na kamera imekufa."

Akaniangalia midomo ilivyovimba. "Baba yako angekuwepo angekuchapa," akasema, halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akanishikilia asianguke. Tangu tumzike mzee sikuwa nimemsikia akicheka vile, na pamoja na maumivu yote nilifurahi.

Wazee wa kanisa wakawasha nyasi mbichi, moshi ukawatuliza nyuki, watu wakarudi mmoja mmoja wakijikuna, na mama akabatizwa bila mpiga picha. Mimi nilikuwa nimekaa ukingoni, macho yamezibwa na uvimbe, sioni kitu.

Picha iliyopo ni moja tu. Binti wa kwaya aliipiga kwa simu akiwa amejibanza nyuma ya tuta: kitenge kimefunuka, mama anacheka mdomo wazi, na mimi pembeni yake nimeumuka kama andazi. Imezunguka simu zote za mji huu. Mama kaitia fremu, kaitundika sebuleni, na anawaambia wageni hiyo ndiyo ya jeneza. Nikamsihi basi niikate, abaki peke yake apendeze.

"Ukinikatia mtoto wangu," akasema, "nafufuka palepale mbele za watu."

Ndege sijaacha, siwadanganyi, lakini siku hizi mtu akinikabidhi siku yake sibanduki, hata aite ndege gani. Na kila nikienda kwa mama nikawakuta wageni wanaicheka ile picha, namwomba Mungu aiache hapohapo ukutani, miaka na miaka, waendelee kunicheka tu.