Taya Liko Lodwar, Mwili Uko Kakuma

Lodwar ya mwaka wa tisini na nane, ukiulizia kwa Ejore, unaulizwa kwanza, "Ejore yupi? Mwalimu ama wa vaisi?" Wetu ni wa vaisi. Jamaa mrefu, mkimya, wa kutabasamu peke yake kama ukuta umemnong'onezea kitu. Nyuma ya nyumba yake pale Nakwamekwi alikuwa na kibanda cha makuti ya mkoma, na ndani vaisi sita, zimefungwa boliti kwa meza, kubwa hadi ndogo, kama watoto wa nasari wakingoja uji.

Vaisi ni ile jiliwa ya chuma ya kubana kitu ndio ukipige tupa kisikimbie. Fundi wa kawaida ana moja na ametosheka. Ejore alikuwa mgonjwa wa hizo vitu. Moja aliitoa Lokitaung, ilikuwa inazuia mlango wa duka usipigwe na upepo. Nyingine aliipata Katilu kando ya shamba, kuku amelalia mayai juu yake, na ilibidi angoje vifaranga watoke kwanza. Zilikuja zimekufa kabisa, kutu imezifunga mdomo. Anazilaza kwa dizeli na oili chafu wiki tatu, anazigonga na nyundo ya mbao, anasikiliza, anagonga tena. Siku skrubu inazunguka, hata kidogo tu, anakaa chini akihema kama aliyezalisha mbuzi.

"Baba Akai," mkewe Nakeno anamwambia, "wanaume wengine wakipenda nje, angalau mtu anajua mlango wa kwenda kupigia kelele. Mimi nitagombana na nani? Na chuma?"

"Ongea polepole. Zinasikia."

"Wueh!"

Lakini usimcheke sana. Mwanaume wa Kiturkana huwa na dume lake moja la ng'ombe, la roho. Analikunja pembe likiwa changa, analifunga kengele, analitungia wimbo, mpaka jina lake mwenyewe linatoka kwa hilo dume. La Ejore lilikufa kiangazi cha themanini, pamoja na mifugo yote ya baba yake, pembe hata hazijaanza kupinda. Wimbo ukabaki hauna wa kuimbiwa. Yeye akalelewa na uji wa misheni, akafundishwa ufundi, na kwenye gereji ya mradi mmoja wa barabara akaonyeshwa vaisi yake ya kwanza. Nyeusi, kubwa, mabega ya fahali. Wiki hiyo hiyo tindo lilimteleza, likaiachia kovu begani. Basi, akaanza kuiimbia.

Na hiyo ndiyo haikuwa kati ya zile sita.

Ijumaa moja, mwaka wa tisini, alitoa taya la mbele pamoja na skrubu yake, akalibeba nyumbani kwa gunia alisafishe vizuri, Jumatatu alirudishe. Jumatatu geti lilikuwa na mnyororo. Mradi umefungwa, wakubwa wamepanda ndege, na baada ya wiki mbili meza zote zilikuwa zimebebwa, hakuna anayejua wapi. Hata mwizi wa kulaumu hakuna. Aliitenganisha kwa mkono wake mwenyewe, tena kwa mapenzi.

Miaka minane taya likakaa kwa rafu, limefunikwa shuka. Saa saba mchana, jua likishapika mabati na mji mzima umelala, Ejore alikuwa anauona ule mwili ukija kwa mchanga wa Kawalase, ule mto mkavu. Unatembea taratibu, hauna uso, chini yake hewa inatetemeka kama maji. Unafika karibu, unasimama, unangoja. Halafu mbuzi wa jirani anakohoa, na mto unabaki mchanga tu.

Habari ililetwa na Akol, mama wa samaki wakavu, ambaye hupeleka magunia yake mpaka Kakuma.

"Ejore, nimeona ng'ombe wako. Kambi ya wakimbizi, kwa fundi mmoja Mdinka. Ana kovu begani na hana mdomo."

Asubuhi iliyofuata Ejore alikuwa juu ya lori la samaki, katikati ya msafara wa magari na askari wa kuulinda kwa majambazi, taya kwenye gunia, gunia kwa mapaja. Mpango ulikuwa rahisi, na mbaya kidogo. Asitaje gunia. Aombe kile kipande cha chuma kisicho na kazi, aahidi mbuzi wawili, abebe, aende.

Huyo fundi aliitwa Dhieu. Alikaa chini ya turubai, ng'ambo ya ule mto mkavu, lugga ya Tarach, akikunja makopo ya mafuta ya msaada kuwa masanduku. Na mbele yake, imefungwa kwa gogo la mkoma, ilikuwa yenyewe. Alikuwa anaigongea mgongoni. Kila nyundo Ejore aliisikia kwa mbavu.

"Ejok," Ejore alisalimia kwa Kiturkana.

"Ejoknoi, mzee. Unataka sanduku?"

"Nataka hiyo unapigia. Si imeharibika? Nikupe mbuzi wawili, nikuondolee takataka."

Dhieu alicheka, pengo la meno ya chini yaliyong'olewa kimila likaonekana, sawa na la Ejore. "Mtu atoke Lodwar, vumbi mpaka kwa kope, amefuata takataka? Mzee, hujui kudanganya kabisa. Keti."

Ejore akaketi. Akachungulia tundu la skrubu, akitegemea kutu na buibui. Akaingiza kidole. Kilitoka kinang'aa mafuta. Ya kondoo, tena ya juzi.

"Nani anapaka hapa?"

"Mimi. Jumapili nikitoka kanisa."

"Haina skrubu. Haina taya. Unampakia nani?"

Dhieu aliweka nyundo chini. "Kwetu nilikuwa na dume, Majok, mweusi na mweupe. Vita ilikuja, nikamuacha akiwa hai. Sijui anakula wapi. Hii nilipopewa na mchungaji wa kanisa, niliona hii pia imeachana na mtu wake. Nikasema wacha nisimkaushe. Mdomo wake ukirudi, upate kuingia."

Ejore alikuwa na uongo mwingine tayari. Aliuacha. Akafungua kamba ya gunia.

Mmoja alishika mbele, mwingine akaelekeza, taya likateleza ndani, na skrubu ikaanza kula. Mzunguko, mzunguko, polepole, na sauti yake ya zamani, kama mnyama akicheua kivulini. Kambi yote na kelele zake ikaenda mbali sana. Chuma kikagusa chuma.

"Sasa utaniambia ni yako," Dhieu akasema.

"Kovu ni langu."

"Mafuta ni yangu."

"Taya ni langu."

"Gogo ni langu!"

"Ba papa, mnaangaliaka chuma kama bibi-arusi?" Ilikuwa Clotilde, jirani Mkongomani, sufuria mkononi, mshikio wa sufuria umening'inia. "Mtoto anangoja ugali. Nani anatengeneza?"

Dhieu akabana sufuria. Haikutikisika. Miaka minne alikuwa anashika kazi kwa magoti. Sasa aliachia mikono yote miwili hewani, akaiangalia. Ejore akapiga ribiti tatu za kushikiza mshikio, akalainisha kwa tupa, Clotilde akaenda.

Honi ya lori ikalia barabarani. Ejore alishika mkono wa skrubu arudishe nyuma, atoe taya lake. Kiganja kikakaa pale. Kwao mtu humpeleka mnyama akae kwa rafiki wa mbali, na bado ni wake, na ni wa rafiki pia. Akaachilia.

"Lakini hayo mafuta yako yanavuta mchanga," alisema, akikunja gunia. "Mwezi ukiisha nitaleta grisi."

"Mwezi ukiisha ni siku kumi na mbili."

"Najua. Na usimgonge mgongo tena."