Kontena Niliyoificha Ndani ya Kompyuta

Wakati wa vita, madaftari ya bandari yetu ya Kindu yaliungua, na mimi njo nilikumbuka kila kontena kwa kichwa. Basi Mama Zaina alipokuja na programu yake ya kompyuta inayoonyesha kila kontena iko wapi, wakubwa wakawa wanamuita yeye tu. Wivu ulinichoma. Jana mchana, alipoenda kusali, niliifungua programu kama alivyonifundisha mwenyewe, nikabadilisha humo mahali pa kontena ya dawa za hospitali.

Leo ikatafutwa, ikakosekana. Nikamwendea Chef, mkubwa wetu wa bandari, kifua mbele.

"Chef, iko mustari wa pili. Kichwa yangu haisahau!"

Kweli ilikuwa pale. Wabebaji wakanipigia makofi.

Mama Zaina akasema kwa upole, "Papa Ramazani, programu inaandika jina la kila anayebadilisha kitu."

Chef akainamia kompyuta, akasoma kwa sauti: "Jana, saa saba mchana. Ramazani."